Simeoni na Kilimia cha Utosini

Mwalimu Derick ameniletea daftari jipya na kalamu ya wino wa buluu, akasema, "Bibi, tunakusanya habari za watu wa kata yetu. Tutazibandika ukutani, wageni wasome. Wewe tuandikie ya Simeoni." Mwalimu Derick ana shahada. Shule nzima ina walimu kumi na mmoja, na kila mmoja anaandika kwa kasi kuliko mimi ninavyosoma. Lakini kazi imeletwa kwangu, niliyejifunza herufi kwenye ngumbaru, darasa la watu wazima, kwa taa ya chemli, mtoto mgongoni. Nilipomuuliza kwa nini wasiandike wenyewe, akasema wana kazi nyingi. Mimi, bila shaka, nilikuwa nimekaa tu nikiwasubiri.

Haya, nitaandika. Ila jambo moja lijulikane mapema. Simeoni ni mume wa binti yangu Kristina. Kwetu mama mkwe hatamki jina la mkwe wake wa kiume. Lakini mwiko huo uliwekwa na watu wasiojua kuandika, kwa hiyo kuandika hawakukukataza. Na huyo Febronia mtakayemkuta humu, mama mkwe wa Simeoni na mwenyekiti wa kamati ya shule, ndiye mimi. Nitamtaja kama mtu mwingine, kwa sababu habari ni ya Simeoni, na kwa sababu nikimtazama kwa mbali namwona ana busara zaidi. Yale aliyoyawaza Simeoni moyoni nimeyapata kwa Kristina, ambaye hajawahi kufungia siri mdomo tangu aanze kusema.

Simeoni Alute alizaliwa Issuna, katika nyumba ya wakulima wa alizeti na mtama, watu wanaoamka kabla ya jogoo. Yeye aliona kumtangulia jogoo ni kumvunjia heshima. Alipomaliza darasa la saba alikuja Singida mjini na begi moja, akapata kazi ya kubeba maturubai dukani kwa mzee Kurji, karibu na soko. Mzee Kurji, Mungu amrehemu, aliuza maturubai, kamba na ndoo. Mwanawe Tanvir alikuwa rika la Simeoni, na mchana wateja wakipungua vijana hao wawili walitazama filamu kwenye televisheni ndogo nyuma ya marobota. Hapo ndipo Simeoni alipogundua kipaji chake. Alikuwa anaweza kusema.

Si kusema jambo. Kusema tu. Ikija filamu ya Kichina, yeye anaieleza kwa Kiswahili kana kwamba ametoka huko jana. Alipofika miaka ishirini na minne alifungua kibanda cha video pale Utemini: mabati, benchi sita, turubai jeusi la kuzuia mwanga, na kipaza sauti. Watu wakajaa. Steringi, yule shujaa wa filamu, akinyamaza, Simeoni anamsemea. Adui akicheka, Simeoni anaeleza anachekea nini, na ukoo wake, na deni lake la duka la kijijini. Alitafsiri Kichina kwa miaka kumi na miwili bila kukijua, na katika muda wote huo Kichina hakikuwahi kulalamika. Mtu akizoea hivyo, huanza kuamini kwamba yeye hakosei.

Ni katika miaka hiyo alimwoa Kristina. Febronia alipouliza kijana anafanya kazi gani, aliambiwa, "Ana ukumbi." Akafikiri ni ukumbi wa harusi. Alipopata kujua kwamba mkwe wake anaishi kwa kuzima taa, mahari ilikuwa imekwishaliwa na haikutapikika.

Basi wakabaki na adabu. Kwetu mkwe wa kiume hali chakula mbele ya mama mkwe, hakai naye kivuli kimoja, na wakikutana njiani mmoja huingia kichakani kama aliyeona nyoka. Na kulala chini ya paa moja wote wawili, hilo halina hata jina, maana hakuna aliyewahi kulifanya likahitaji kuitwa. Simeoni aliushika mwiko huu kwa bidii ambayo hajawahi kulishikia jembe. Akija Mwankoko, kwa mama mkwe, kusalimia, alisimama nyuma ya tembe, akauambia ukuta, "Shikamoo mama," na ukuta ukaitikia, "Marahaba." Akauliza ukuta kama umeamka salama. Ukuta ukasema umeamka, ila mgongo. Miaka kumi na minne hawajatazamana usoni, na ndoa ya Kristina imedumu. Wanaotafuta siri ya ndoa kudumu wasiende mbali.

Kisha zikaja simu zenye filamu ndani yake. Kila mtu akawa na kibanda chake mfukoni, na kibanda cha Simeoni kikabaki na benchi sita na kuku wa jirani. Akafunga. Akarudi dukani kwa akina Kurji kubeba maturubai yale yale aliyoyaacha akiwa kijana, tofauti ikiwa kwamba sasa yalikuwa mazito zaidi. Miaka sita akabeba. Kristina anasema katika miaka hiyo mumewe alikuwa akiongea na mchuzi.

Dada yake Tanvir, Gayatri, ameolewa Rajkot huko India, na anafundisha shule. Shule yake ilipobadilisha vyombo, yeye akavichukua vya zamani na kumtumia kaka yake: mfuko mzito kama ng'ombe aliyelala, feni kubwa, na projekta yenye jicho la duara lililotokeza kama la chura. Ule mfuko ulikuwa kitambaa. Ukikiunganisha na feni kinajaa upepo, kinainuka kuwa kuba kubwa kuliko nyumba, jeusi nje, jeupe ndani. Ukiweka projekta katikati na kuzima taa, kuba lote linakuwa mbingu. Wenye shule huiita planetariamu. Utemini waliita hema la nyota, wakamaliza.

Tanvir alimwita Simeoni pembeni ya ndoo.

"Kaka, mimi nauza maturubai. Watoto wangu wameitazama siku mbili, wamerudi kwenye simu. Mji huu mzima una mtu mmoja tu aliyewahi kuishi kwa kukaa na watu gizani bila polisi kuja."

"Walikuja mara mbili," Simeoni akasema.

"Mara mbili kwa miaka kumi na miwili. Hiyo ni sifa. Chukua."

Walilitandika ndani ya ghala tupu la alizeti, Utemini, ambalo mpaka leo linanuka mashudu. Mlango wa kuba ni mrija wa kitambaa wa kwenda magotini, ili upepo usitoke. Basi wakubwa kwa wadogo waliingia kwa kutambaa. Niliambiwa kuna mheshimiwa mmoja mwenye suti aliyeingia akitanguliza kichwa na akatoka akitanguliza upande wa pili. Ndani mnalala chali juu ya mikeka, kwa sababu mbingu haitazamwi kwa kukaa. Na umeme ukikatika feni inanyamaza, na mbingu inawashukia taratibu usoni, mkabaki mmefunikwa kama maharage.

Simeoni akarudiwa na uhai. Kipaza sauti kikatolewa kwenye sanduku. Sauti iliyokuja na mashine ilikuwa ya kigeni, akaizima, akasema mwenyewe. Jua likawa steringi. Mshtarii akawa bosi wa majambazi, mnene, anatembea na walinzi wengi. Zohali alivaa mkanda wa ubingwa. Zuhura alikuwa mrembo ambaye kila mtu anamgombea na yeye hana habari. Wanafunzi waliofika na wazazi wao Jumapili walicheka hadi mikeka ikasogea. Mama Gita, mjane wa mzee Kurji, alisukumwa na wajukuu wawili kupita kwenye mrija, akalala chali na sari yake, akasema, "Nyota zimekaa kama nyumbani." Wote wakafurahi kwamba bibi anaipenda Singida. Akawa anarudi kila Jumapili. Hakuna aliyemuuliza nyumbani wapi.

Lakini Jumapili ni moja tu kwa wiki. Binamu yake Tanvir, Yash wa Dodoma, ana uwanja wa michezo ya watoto, na alikwisha kuiona mashine akaitamani. Tanvir akamwambia Simeoni wazi: "Nipatie shule moja tu, ije kila wiki kwa utaratibu, mashine haiondoki. Ikifika Ijumaa ya mwisho ya Novemba huna shule, naipakia." Simeoni alikuwa na miaka arobaini na miwili na kazi moja tu aliyoiweza duniani. Alitazama marobota ya maturubai, na marobota yakamtazama.

Shule iliyokuwa karibu na yenye watoto wa kutosha ilikuwa ya Mwankoko. Mwalimu Derick, anayefundisha sayansi kwa kuchora sayari kwa chaki kwenye ubao uliopasuka, alitaka sana. Lakini shule haitoki hivi hivi. Kuna kamati. Na mwenyekiti wa kamati ni Febronia, aliyechaguliwa kwa sababu mwaka ule wakubwa walipotaka kulimega shamba la shule, alikwenda na kigoda chake akaketi kwenye mpaka siku tatu, akawaambia wapime kumzunguka.

Kamati ilikaa. Mmoja akasema hema la giza ni mambo ya Frimasoni. Mwingine akasema wavulana na wasichana wanalazwa pamoja. Mwanvua, mfanyabiashara wa vitenge, mjumbe asiyejua kunong'ona, akasema, "Tunabishana na kitu ambacho hatujakiona. Mwenyekiti aende, alale, atazame, atuambie."

Kila mtu pale alijua mwenye hema ni mkwe wa nani.

"Nikalale," akasema Febronia.

"Ukalale chali, Mama Kristina. Ndivyo wanavyofanya."

"Chini ya kuba moja na baba Alute."

Mwalimu Derick, ambaye kwao ni mbali na hajui lolote, akasema labda kwa ajili ya elimu ya watoto mila ingeweza kulegezwa kidogo. Febronia akamtazama kwa muda ambao mpaka leo mwalimu huyo anaukumbuka. Kisha akasema kwamba atakwenda Jumanne, kwamba Mwanvua na mwalimu watakwenda naye, na kwamba mkwe atafute pa kujiweka. Hakuwa na shida na nyota. Shida ilikuwa ya mwenye nyota.

Habari ilipomfikia Simeoni alikaa kwenye kigunia. Bila sauti yake mashine ni taa tu. Akiwa ndani, mama mkwe haingii. Asipoingia, kamati haikubali. Kamati isipokubali, Dodoma. Alizunguka kuba mara nne akilipima kwa macho kama fundi wa kaburi, mwisho akapata wazo, na ninakiri kwamba kwa mtu wa aina yake halikuwa baya. Atakaa nje. Spika ndani, kipaza sauti nje, na Kristina ndani na rimoti. Yeye akitamka neno fulani, Kristina anabonyeza.

"Na wewe utaonaje picha?" Kristina akamuuliza.

"Picha naijua kama Baba Yetu. Miezi minne nasema yale yale. Wewe bonyeza nikisema 'na sasa'."

Jumanne saa nne asubuhi Febronia alifika Utemini amevaa kitenge kipya na viatu vya kanisani. Simeoni alijificha nyuma ya magunia, na kwa huko nyuma akayaambia magunia, "Shikamoo mama." Febronia akayaitikia magunia, "Marahaba." Akavua viatu, akaushika mrija wa kitambaa, akauangalia kama mtu anayepima ng'ombe wa mahari, akapiga magoti. Mwanvua alimfuata nyuma, akiwa amemwambia mwalimu Derick ageuze uso na ahesabu mpaka hamsini ndipo aingie. Yote yalifanyika kwa heshima, na aliyesema alisikia kicheko alikuwa amesikia feni.

Taa ikazimwa. Nyota zikatoka. Nitasema ukweli kwa sababu nimeahidi kuandika: Febronia alishtuka. Alikuwa na miaka sabini na miwili na hakujua kwamba mtu anaweza kuingiziwa usiku ndani ya ghala saa nne asubuhi. Hilo hakulisema pale, wala hatalisema.

Sauti ikaja kwenye spika, nzito, ya kibanda cha video. "Karibuni katika mbingu. Na sasa." Kristina, kwa haraka ya kuwa mama yake kalala ubavuni pake, akabonyeza mara mbili. "Tunauona mwezi," sauti ikaendelea, "mpole, baridi, mnyenyekevu." Juu ya kuba likawaka jua zima, likitoa ndimi za moto.

Febronia hakumwambia mkwe wake neno, kwa kuwa haambiwi. Alisema kwa sauti ya kawaida, "Mwanvua. Mwambie mtu wa nje mwezi wake unaungua."

Mwanvua akaweka mdomo kwenye kitambaa. "Mtu wa nje! Mwenyekiti anasema mwezi unaungua!"

Nje, Simeoni aliona jasho linamshuka mpaka kwenye kipaza sauti. "Hiyo," akasema, "hiyo ni... Mwambieni Kristina arudi nyuma moja." Kristina akarudi nyuma moja. Wakaendelea. Zuhura akapita, Zohali na mkanda wake, na hata mwalimu Derick, aliyekuwa mguuni kabisa, alicheka. Simeoni akapata nguvu. Alipofika mahali alipopapenda kuliko pote akaishusha sauti, kama alivyokuwa akifanya steringi anapokufa, ingawa steringi hafi.

"Na sasa tazameni juu kabisa, katikati ya paji la mbingu, utosini penu. Kile kishada cha nyota ndogo ni Kilimia, nyota za mkulima. Babu zetu walizisubiri zisimame hapo hapo juu ya vichwa vyao. Na kule, juu ya ukingo, ile moja peke yake ni Nyota ya Kaskazini, ambayo haitembei, na ambayo wazee wetu waliifuata."

Kristina alimsikia mama yake akivuta pumzi kwa pua na akajua.

"Mwanvua. Mwambie mtu wa nje Kilimia hakijawahi kukaa utosini kwangu."

Ikapelekwa.

"Mwambieni mwenyekiti," ikarudi, kwa adabu kubwa, "kwamba mashine hii imetengenezwa na wataalamu."

"Mwambie sikuwaona hao wataalamu shambani. Kilimia kinatoka upande wa jua linakochomoza, jua lenyewe likiwa linazama, ndipo tunashika majembe. Kinapanda kikiegemea upande wa Iramba, kaskazini. Hata kikimaliza kupanda, kiko upande wa Iramba. Ukikitazama shingo inainuka, haivunjiki. Yangu hapa imevunjika."

Mwanvua alipeleka yote, na akaongeza la kuvunjika mara mbili.

"Na hiyo nyota isiyotembea," Febronia akasema, "mwambie nimeishi Singida miaka sabini na miwili na hatujakutana. Wazee wake walioifuata walifika wapi?"

Simeoni, aliyewasemea Wachina elfu wakiwa hai na wakifa, alikuwa ameshika kipaza sauti na hana la kusema. Kristina ananiambia kilichomuumiza si kukosolewa. Ni kwamba alijaribu kukikumbuka Kilimia chenyewe, kile cha Issuna, alichooneshwa na baba yake akiwa mdogo kabla ya jogoo, na hakukumbuka kinakaa wapi. Alikuwa ameishi gizani miaka mingi hivi, na hakuinua kichwa hata mara moja.

Febronia alitoka kama alivyoingia. Simeoni akarudi nyuma ya magunia. Hukumu ilitolewa mbele ya mlango, kwa magunia, kupitia Mwanvua: watoto wa Mwankoko hawatapelekwa kusoma mbingu ya watu wengine. Akiipata ya kwao, atume habari. Ilikuwa Jumanne. Ijumaa ilikuwa ile ya mwisho.

Simeoni alikwenda dukani mbio. Tanvir alimpigia simu dada yake Rajkot, na Gayatri akacheka mpaka simu ikakatika, akapiga tena. Mashine ilikuwa imewekwa mbingu ya mji wake, Rajkot, tangu siku ya kwanza. Huko Kilimia hupita utosini sawasawa, na ile nyota ya kaskazini husimama juu ya mapaa kama mlinzi. Tanvir akaweka simu chini. Mama Gita alikuwa amekaa kwenye kiti chake nyuma ya kaunta.

"Niliwaambia zimekaa kama nyumbani," akasema, na akaendelea kuchambua dengu.

Kubadilisha kwenyewe kulikuwa kuchagua jina la mji kwenye orodha. Orodha ilikuwa na miji mingi mno, na Singida haikuwemo. Wataalamu walikuwa na haraka siku hiyo. Mwalimu Derick akaja jioni na namba za mahali Singida ilipo, kutoka kwenye atlasi ya shule, wakaziandika mojamoja, na mbingu yote ikageuka juu yao kama sufuria inayosogezwa jikoni. Nyota ya kaskazini ikazama. Kilimia kikateleza. Mwalimu alifurahi. Simeoni alisema ni lazima ahakikishe kwanza, na mwalimu akashangaa atahakikisha kwa kitu gani.

Jumatano jua lilipokuwa linazama Kristina alimkuta mumewe amesimama kando ya zizi la mbuzi, kaipa mgongo nyumba, anatazama mashariki.

"Baba Alute, umepoteza nini?"

"Natafuta kitu cha mama yako."

Akakipata. Kidogo, kama vumbi la unga lililomwagika, kikitoka juu ya paa la jirani. Kristina anasema alikaa hapo mpaka ugali ukapoa, na kwamba hakusema neno, jambo ambalo lilimtia hofu kuliko kama angelia.

Alhamisi Febronia akaja tena, na viatu vile vile. Magunia yakamsalimia, akayaitikia. Safari hii Kristina alibonyeza mara moja moja, mwezi ukawa mwezi. Sauti ilikwenda vizuri, ila ilikuwa imepungua kidogo, kama suruali iliyofuliwa. Na ilipofika mahali pale ikasimama.

"Na sasa," ikasema. "Mwanvua, kama upo. Naomba mwulize mwenyekiti Kilimia kiko wapi. Mimi huku nje sikioni."

Ndani ya kuba Mwanvua hakuhitaji kupeleka ujumbe. Febronia alitazama juu muda mrefu. Miaka kumi na minne ya shikamoo kwa ukuta, na hii ndiyo mara ya kwanza mtu yule alikuwa amemuuliza jambo ambalo hakuwa na jibu lake tayari.

"Mwambie," akasema, "kiko upande wa Iramba. Kimekaa sawa."

Kisha akaongeza, "Ila mwambie milima aliyoizungushia ukingoni si ya kwetu. Kwetu ni mawe." Maana mtu hawezi kusifiwa tu, ataota pembe.

Ijumaa asubuhi watoto tisini wa Mwankoko walitambaa kwenye mrija, wasichana upande wa ziwani, wavulana upande wa mjini, kama kamati ilivyoagiza. Tanvir alikuwa mlangoni akiwahesabu vichwa, akampigia Yash wa Dodoma kumwambia anunue bembea. Mbingu ya Rajkot hawakuitupa: kila Jumapili, wakati wa familia, Simeoni anairudisha kwa dakika kumi, anasema waziwazi kuwa ni ya Rajkot, na Mama Gita anaitazama bila kuambiwa chochote.

Simeoni alidhani mambo yamefunguka. Alituma mbuzi Mwankoko, beberu mwekundu, mnono, kwa heshima zote, kuomba mwiko ulegezwe ili aweze kukaa ndani ya hema lake mwenyewe kama watu. Mbuzi alipokelewa. Mwiko umebaki.

Kwa hiyo mpaka leo, siku za shule, Simeoni anakaa nje ya kuba na kipaza sauti, kwa sababu Febronia yuko ndani. Anakwenda kila wiki. Si kwamba anapenda, anakagua. Sauti inakuja kutoka nje, inaeleza, na ikifika kwenye Kilimia inasimama na kuuliza, na watoto tisini wanapiga kelele, "Upande wa Iramba!" Shule za Ikungi zimeanza kuja. Zinasema hazijawahi kuona onyesho ambalo mwenyewe haoni anachokieleza na bado hakosei. Nimewaambia kwamba hakosei kwa sababu anakosolewa.

Hiyo ndiyo habari ya Simeoni, na mkono wangu umechoka. Sasa wewe uliyesoma ukutani hapa bila jasho lolote, usidhani umemaliza. Jua litakapozama, toka nje, acha simu ndani, ukitafute Kilimia. Kama umesoma mwezi ambao jioni hakipo, amka alfajiri, hutakufa. Kisha uje umwombe mwalimu Derick daftari nililoandikia, ukurasa wa nyuma nimeuacha wazi, uandike jina lako na upande ulikokiona. Nitausoma mwenyewe, herufi kwa herufi. Na ukija kwenye hema njoo na mkeka wako, maana ya kwetu imechakaa. Usimuulize Simeoni jibu. Yeye ataniuliza mimi.